Uzito Ukae Wapi

Machi 1876, kwenye ziwa la Rwakajunju, chini ya vilima vya Bweranyange, yalifanyika mashindano ya vyombo vya majini. Mgeni alikuwa Henry Morton Stanley, aliyefika Karagwe na mashua yake, Lady Alice, ikiwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Mwenyeji alikuwa Mfalme Rumanyika, mzee mpole wa maneno, yuleyule aliyewapokea wasafiri Speke na Grant mwishoni mwa mwaka 1861. Vipande vikaungwa ufukweni, mashua ikashushwa majini, na mfalme akateremka na wanawe na watu wake kuja kuitazama. Kisha ikapangwa ishindane na mitumbwi minne ya wenyeji. Wangwana wa Zanzibar, watu wa msafara wa Stanley, wakashika makasia. Wanyambo wakasimama wima ndani ya magogo yao, kila mmoja na kafi lake refu. Umati ukapiga kelele kutoka nchi kavu. Na Stanley, ambaye kalamu yake haikuwa na haya ya kujisifu, akaandika baadaye kwamba mwendo wa vyombo haukupishana sana.

Sentensi hiyo imenikaa kichwani kuliko kurasa nyingine zote alizoandika kuhusu nchi yetu.

Lady Alice haikuwa chombo cha kubahatisha. Stanley aliiagiza kwa James Messenger, fundi wa mashua wa Teddington kando ya mto Thames, iundwe kwa mbao nyembamba za mwerezi, urefu wa mita 12 hivi na upana usiofika mita 2, na iweze kufunguliwa vipande vitano ili ipite nchi kavu. Zanzibar vipande vikaonekana ni vizito mno kwa bega la mpagazi, ikabidi vigawanywe upya. Jina alilipa la mchumba wake, Alice Pike, ambaye hakumngoja. Lakini hayo ni yao. Mwaka 1875 mashua hiyo ilikuwa imelizunguka Ziwa Victoria. Katika msafara alikuwamo Uledi, ambaye jina lake lilikuja kuvuma kwa kushika usukani wa mashua hiyo kwenye mto Kongo. Kwa ufupi, ilikuwa mashua iliyofikiriwa vizuri, mikononi mwa watu walioizoea. Upande wa pili palikuwa na magogo yaliyochongwa.

Unaweza kusema ni bahati tu, au adabu ya mgeni kwa mwenyeji. Mimi nadhani ilikuwa hesabu ya uzito. Mtumbwi wa gogo ni mzito, lakini hauna kiungo wala boliti. Tumbo lake limenyooka kutoka pua hadi mkia, na wembamba wake unayanyima maji pa kuushikia. Tatizo lake ni kupinduka. Anayesimama ndani yake anakipandisha juu kitovu cha uzito, na chombo chembamba chenye uzito juu kinatafuta kisingizio tu. Wale Wanyambo walisimama kwa sababu aliyesimama anavuta maji kwa mkono mrefu na mgongo mzima, tena anaona juu ya mafunjo. Gharama ya kusimama waliilipa kwa magoti na nyayo, wakiusawazisha mtumbwi kila kafi lilipoingia majini na kila lilipotoka. Wao wenyewe walikuwa farumi ya chombo, na ilikuwa farumi yenye macho.

Mashua ya Messenger haikudai ufundi huo. Uthabiti wake ulichorwa Teddington, ukawekwa kwenye upana, na yeyote aliyeketi ndani alikuwa salama hata akisinzia. Ila upana unalipiwa kwa mwendo. Ndiyo maana siku ile, kwenye maji madogo yaliyokingwa na vilima, akili ya mchoraji wa Thames na akili ya magoti ya Mnyambo zilifika karibu pamoja.

Aliyenirudisha kwenye habari hizi ni mpwa wangu, fundi simu wa Nkwenda, wilayani Kyerwa. Alinunua boti ya rimoti ya mashindano, iliyokwisha kutumika, kutoka Kampala. Ikavuka daraja la Murongo ndani ya boksi lililoongezwa urefu kwa selotepu. Ni kitu cha futi mbili hivi: bodi ya faiba, tumbo la umbo la V, mota isiyo na brashi, betri ya lithiamu, shafti iliyopita chini ya mkia na rafadha ndogo yenye mabawa mawili makali ya kutosha kukata kidole. Tunaiendesha kwenye lambo la kunyweshea mifugo, kwa ruhusa ya wenye lambo, na baada ya ng'ombe kunywa, maana ng'ombe wa pembe ndefu hana subira na kelele ya mota.

Ilipofika ilikuwa na nguvu za kutosha na tabia mbaya. Ikikolea mwendo, pua ilianza kudunda juu ya maji, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili zaidi, hadi unaona tumbo lote. Kwenye mstari ulionyooka iliegemea kushoto. Kwenye kona haikusikia usukani: unauzungusha, inaendelea mbele, kisha ghafla inageuka kwa mkia na kusimama ikitazama ilikotoka.

"Mjomba, hii inataka mota kubwa," mpwa wangu alisema.

"Mota kubwa itaidundisha zaidi."

"Sasa tufanyeje, Mjomba?"

"Fungua kifuniko, tuone betri imekaa wapi."

Betri ilikuwa nyuma kabisa, karibu na mota, mahali ambapo mwenye boti wa kwanza aliona nafasi. Kwenye boti ndogo hakuna kitu kizito kuliko betri na mota, na kwa kuwa mota imefungwa kwa skrubu, ni betri pekee inayosogezeka. Kwa hiyo swali zima la utulivu wa chombo linaanzia kwenye pakiti moja ya saizi ya mche wa sabuni: isogee mbele au irudi nyuma? Wanaoendesha boti za aina hii, zenye tumbo moja la V, wana kipimo cha kuanzia. Unaiinua boti kwa vidole viwili, kimoja kila upande, unatafuta mahali inapotulia bila pua wala mkia kushuka. Mahali hapo pawe karibu asilimia 30 ya urefu, ukipima kutoka mkiani. Boti ya sentimita 60 basi itulie kwenye sentimita 18 hivi. Yetu ilitulia nyuma zaidi ya hapo.

Mtu yeyote wa Karagwe aliyewahi kusukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi anajua jambo hili kwa mabega yake. Mikungu ikirudi nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unacheza; ikija mbele sana, baiskeli inakuwa ngumu kugeuza na inakuvuta mteremkoni. Mzigo ni uleule, baiskeli ni ileile. Kilichobadilika ni kamba imefungwa wapi.

Boti inaongeza ugumu mmoja ambao baiskeli haina: ikipata mwendo, hubadilisha umbo la sehemu inayogusa maji. Ikisimama, inaelea kwa kusukuma maji pembeni, kama chombo chochote. Ikikimbia, inapanda juu ya maji, na kinachobaki kimelowa ni kipande kidogo karibu na mkia. Chombo cha sentimita 60 kinakuwa kimekalia sehemu isiyozidi kiganja. Uzito ukiwa nyuma ya sehemu hiyo, pua inanyanyuka, upepo unaingia chini ya tumbo na kuisukuma zaidi, kisha uzito unaiangusha, maji yanairusha tena. Huko ndiko kudunda. Uzito ukiwa mbele mno, pua inalima maji, boti inakuwa nzito na nzuri kwa macho tu, na ikifika kwenye kona pua inachimba na mkia unapita mbele. Kati ya makosa hayo mawili kuna nafasi ya sentimita chache, na humo ndimo inamokaa tofauti ya boti ya kutazamwa na boti ya kushindanishwa.

Tukaisogeza betri mbele kwa upana wa kidole. Kudunda kukapungua, hakukwisha. Hapo ndipo tukageukia shafti.

Sehemu hii naipenda, kwa sababu inapingana na macho. Rafadha haisukumi mbele tu. Shafti ikiwa imeinama ili ncha ya nyuma iwe chini, rafadha inasukuma mbele na juu kwa pamoja: mkia unanyanyuka, pua inashuka. Ukiipandisha ncha hiyo, rafadha inaukandamiza mkia na pua inapanda. Tunazungumzia nyuzi moja au mbili, kiasi ambacho ukikitazama mezani unaapa hakuna kilichobadilika. Na kina chake nacho kina neno: rafadha ikizama sana inaburuta, ikipandishwa hadi nusu ya bawa iwe nje ya maji inapunguza mburuto lakini inaanza kuchota hewa, mota inapiga kelele na boti haiendi. Kila unachokipata unakitoa mahali. Sijaona skrubu kwenye boti ile inayotoa bila kuchukua.

Kuegemea kushoto kulikuwa na sababu ya haki kabisa. Rafadha inapozunguka upande mmoja, boti inataka kuzunguka upande wa pili. Kwa kuwa maji yanaizuia, inaegemea tu. Dawa yake ni vibao viwili vidogo vya bati vilivyo mkiani, kimoja kila upande. Ukikishusha cha kushoto kwa unene wa ukucha, maji yanakipiga na kuunyanyua upande huo. Wengine huisogeza betri kulia kidogo badala yake. Sisi tulifanya la kwanza, kwa sababu betri tulikuwa tumekwisha kuipatia mahali na hatukutaka kubadili mambo mawili kwa wakati mmoja. Mpwa wangu, aliyezoea kutafuta hitilafu ya simu kwa kupima kituo kimoja kimoja, hakuhitaji kuambiwa sheria hiyo mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo asiyelijua hawezi kulikisia. Ukingo wa nyuma wa tumbo la boti unatakiwa uwe mkali, kona kamili, siyo wa mviringo. Mviringo unapendeza, na fundi wa faiba huutoa kwa urahisi, lakini maji yanaufuata. Yanapofika kwenye kona laini hayaachani na boti. Yanapinda nayo na kupanda mkiani, yakiuvuta chini. Kona kali inayakata, yanaondoka. Mpwa wangu alipaka puti, ileile ya magari, akaiacha ikauke, akapiga msasa juu ya kioo kilicholala hadi ukingo ukawa unakwaruza ngozi. Kazi ya jioni moja, bila kununua kifaa chochote. Kama ningetakiwa kuchagua badiliko moja tu kati ya yote, ningeshikilia hilo. Na lilikuwa la bei rahisi kuliko yote, jambo ambalo wauza vifaa hawalitangazi.

Waya za betri nazo alizilehemu upya. Lehemu kwa sehemu kubwa ni bati, na bati ndilo madini ya Kyerwa. Linachimbwa huku tangu enzi za Waingereza na wachimbaji wadogo wanalitafuta hadi leo. Waya wa lehemu aliotumia, hata hivyo, ulisomeka kwamba umetoka China.

Kona ndiyo inayopima yote. Boti za rimoti hushindana kwa kuzunguka maboya kwa mwelekeo wa saa, kwa hiyo zinapinda kulia daima, na boti inaweza kutengenezwa iwe hodari upande mmoja na zuzu upande wa pili bila aibu yoyote. Upande wa kulia hufungwa pezi la chuma linalochoma majini na kuzuia mkia usiteleze. Bila pezi, boti inayokimbia juu ya maji haina cha kushikia. Usukani unasema kulia na mkia unasema mbele. Na usukani wenyewe usiwe na mchezo kwenye fito zake. Tuliondoa mchezo huo kwa kubadilisha kiungo kimoja kilicholika, na boti ikaanza kusikia.

Yote haya yamewezekana kwa sababu ya jambo lililoonyeshwa New York mwaka 1898, miaka 22 baada ya mashindano ya Rwakajunju. Nikola Tesla aliweka boti ndogo ndani ya dimbwi katika ukumbi wa Madison Square Garden, akaiendesha kwa mawimbi ya redio bila waya. Watu wakaona maajabu yako kwenye redio. Mimi naona jambo la pili: ndiyo siku nahodha aliposhuka chomboni. Tangu hapo aliyeshika usukani hasikii chombo kwa magoti. Anakiona tu kwa mbali, na anachokiona kimekwisha kutokea. Mnyambo wa 1876 angeupata mtikisiko kabla haujawa kosa, akausahihisha kwa kisigino. Mpwa wangu akisimama ukingoni mwa lambo na rimoti yake, boti iko mita 50 mbele, hana kisigino ndani yake. Kila alichotaka kukisahihisha ilibidi akisahihishe mezani, kwa bisibisi, kabla boti haijagusa maji. Ndiyo maana utengenezaji wa boti hizi unakula muda mrefu kuliko uendeshaji wake. Akili yote inawekwa ndani mapema, kisha unaiacha iende.

Maji nayo hayakai tayari kumsubiri mtu. Lambo letu ni dogo, na boti inapopita huacha mawimbi yanayokwenda hadi ukingoni, yanagonga, yanarudi. Mzunguko wa kwanza unapita kwenye maji laini, wa pili unakutana na mawimbi uliyoyatengeneza mwenyewe. Boti iliyosawazishwa kwa maji laini inapinduka hapo. Basi kuna njia mbili: kuisawazisha kwa maji mabaya na kukubali kupoteza mwendo, au kusimama na kusubiri maji yatulie. Kijana hapendi kusubiri. Nilimsimulia habari ya Donald Campbell.

Tarehe 4 Januari 1967, kwenye ziwa Coniston huko Uingereza, Campbell alikuwa anatafuta kuvunja rekodi ya dunia ya mwendo wa majini kwa boti yake ya injini ya jeti, Bluebird K7. Alipita mara ya kwanza vizuri. Kanuni ilidai apite tena kurudi, ndani ya muda maalumu. Hakusubiri mawimbi yake yaishe. Akiwa kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita 480 kwa saa, pua ikanyanyuka, boti ikaruka ikajipindua nyuma, na Campbell akafa papo hapo. Mawimbi hayo yanatajwa miongoni mwa sababu, pamoja na nyingine. Maji yaliyoachwa yatulie hayadai kitu. Campbell aliyarudia yakiwa bado yanacheza.

Coniston iko kilomita chache tu magharibi ya Windermere. Na Windermere ni jina tunalolijua Karagwe, maana Speke alipoliona Rwakajunju aliliita Windermere Ndogo, kwa kuwa lilimkumbusha Grant ziwa la kwao. Kwenye Windermere ya kwao, tarehe 13 Juni 1930, Henry Segrave aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 159 kwa saa akiwa na Miss England II, kisha katika kupita tena boti ikapinduka, akafariki siku hiyohiyo. Inaaminika boti iligonga gogo lililokuwa linaelea. Mitumbwi yetu ilikuwa magogo yanayoelea. Sijui kwa nini jambo hilo linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja.

Kwetu gogo ni magugu maji. Kagera, mto unaoizunguka Kyerwa ukitugawa na Rwanda na Uganda, huyabeba kutoka juu na kuyapeleka hadi Ziwa Victoria. Shina moja likijizungushia kwenye rafadha, mota inakwama, umeme unapanda, na kama mwendeshaji hakuachia mapema kuna kitu kitanuka moshi. Hapo hakuna bisibisi inayosaidia. Unaachia kitufe.

Lakini siwezi kuandika kuhusu uzito na maji nikiwa mkoa wa Kagera nikaishia kwenye mchezo.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikaelekea Mwanza. Iliruhusiwa kubeba watu 430. Asubuhi, ikiwa imekaribia Mwanza, ilipinduka. Waliokufa ni zaidi ya 800. Wengine walikuwa wameshuka kwa basi kutoka Karagwe, maana kwa watu wa huku njia ya Mwanza ilikuwa meli, na mzigo ulikuwa ndizi na mabegi ya wanafunzi. Meli haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, na walionusurika wanasimulia mapigo ya waliokuwa ndani. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka. Wengi wamezikwa Igoma. Nina umri wa kuikumbuka wiki ile: redio zilizowashwa kila nyumba, na orodha ya majina.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimebakiza mita chache kufika gatini. Kiliruhusiwa abiria 101. Waliofariki ni 228. Ilielezwa wakati ule kwamba abiria waliposogea upande wa kushukia, kivuko kiliinama na hakikurudi.

Kwenye boti ya mpwa wangu, tuliposhindwa kabisa kuelewa kwa nini siku moja ilikuwa tulivu na siku ya pili ikapinduka kwenye kona ileile, tuliifungua tukakuta maji ndani. Vijiko vichache tu vilivyopenya kwenye tundu la shafti. Maji hayo hayakuwa mazito kiasi cha kuizamisha. Kosa lao ni kutembea. Boti ikiinama kulia nayo yanakimbilia kulia, yanaongeza kuinama, yanavuta mengine. Uzito uliofungwa mahali pabaya unakusumbua kwa namna unayoweza kuizoea. Uzito unaotembea unakwenda palepale ambapo chombo kimekwisha kudhoofika, na unafika wakati usiotakiwa. Tulijaza tundu kwa grisi, tukaifunga betri kwa mkanda wa pili.

Watu mia mbili wanaosimama kwenye deki ni uzito unaotembea. Wanyambo wa Rumanyika nao walikuwa uzito unaotembea, wamesimama juu ya gogo jembamba kuliko kivuko chochote. Ila wao walijua wako wapi. Kila mmoja alimjua aliyekuwa mbele yake na aliyekuwa nyuma, na mguu wake ulijibu. Abiria wa Ukara hakuwa na njia ya kujua kwamba hatua yake moja kuelekea gatini ilikuwa inajumlishwa na hatua za wenzake wote. Hilo lilikuwa la kujuliwa na anayehesabu vichwa mlangoni. Alipewa namba 101 ili asihitaji kujua fizikia. Alihitaji kujua kuhesabu tu, na kukataa. Nimesikia watu wakisema ajali zile zilikuwa za mitambo mibovu. Kuna mitambo mibovu, naam. Lakini mlango wa kupandia hauna mtambo.

Jumamosi iliyopita boti ilizunguka maboya yetu, yaani madumu mawili ya lita tano, bila kudunda na bila kuegemea, na kwenye kona ikapinda kwa ukingo wake wa kulia, maji yakiruka kwenye pezi. Mchungaji mmoja mzee, aliyekuwa ameketi na fimbo yake tangu tulipofika, akauliza kama inaweza kubeba chumvi kuvuka ng'ambo. Mpwa wangu akamjibu, "Hapana, Tata, hii ni ya mbio tu." Mzee akasema basi ni hasara. Nilikuwa na jibu, lakini nililimeza. Ukiwa umeishi na mto Kagera maisha yako yote una haki ya kukiuliza chombo kinabeba nini.

Mpwa wangu sasa anataka tuipeleke Rwakajunju. Nimemwambia upepo wa kule si wa lambo, itabidi pua ishushwe na mwendo upunguzwe, na lazima tukodi mtumbwi wa kuifuata kwa ajili ya kuiokoa, maana viboko hawarudishi vitu vya watu. Amekubali yote isipokuwa kupunguza mwendo. Bado ana picha ya ile mota kubwa kwenye simu yake, na kila anaponionyesha namuuliza betri yake itakuwa na uzito gani na ataiweka wapi. Ananiambia, "Mjomba, kwanza tupate hela."